Naombeni ushauri: kila usiku nasikiliza nyimbo za huzuni na voisi za marehemu baba, najitibu au najiumiza?

Sikio_Moja (mleta uzi):
Habari zenu wakuu, naombeni mnisome mpaka mwisho maana hata sijui nianzie wapi. Baba yangu alifariki miezi mitano iliyopita. Mchana niko fresh tu, kazi nafanya, na watu nacheka nao, shida inaanza taa zikishazimwa. Mzee alikuwa mtu wa mluzi, akiamka mluzi, akinyoa ndevu mluzi, tulikuwa tunamgombeza mpaka tukachoka, sasa hivi nyumba kimya mpaka nasikia friji linavyonguruma.

Basi navaa erifoni naweka nyimbo za huzuni, zilezile kama sita hivi, zinajirudia weee mpaka nashtukia saa nane usiku. Zikinichosha nahamia kwenye voisi zake, ninazo kumi na saba, nyingi hazina la maana, kuna moja ananiuliza tu kama nimekula. Mwanzoni nilikuwa nalia halafu nakuwa mwepesi nalala. Siku hizi nalia na asubuhi naamka kifua kizito na kichwa kinagonga. Rafiki yangu kanishauri niweke nyimbo za kuchangamka, nimejaribu, wimbo wa kwanza tu nikaona kama mtu anacheka msibani, nikazima.

Sasa niendelee au niache? Na mods tafadhali msiuunganishe huu uzi na ule wa ngoma kali za wiki.

Kijiti_Kavu:
Pole mkuu. Futa nyimbo, futa voisi, anza upya. Aliyeenda kaenda.

Mama_Pacha:
We Kijiti nawe, mtu anafutwa kama namba ya mdeni? Pole sana mwanangu. Nikuulize kama mama na unijibu ukweli, unakula? Na je unapata mawazo ya kutaka kumfuata baba? Maana kama yapo hapa sio mahali pa kungojea majibu, mwambie mtu wa karibu leo hii na uende hospitali.

Sikio_Moja:
Mama hapana, kufa siwazi kabisa. Kula ndio nimepungua. Halafu mimi ni KE, msiniite mkuu sana 😅

Mganga_wa_Mawimbi:
Dada tafuta sauti za Hz 528, unaweka usiku kucha, zinatengeneza mpaka DNA. Utanishukuru.

Nusu_Noti:
Mganga unaanza tena. Hz 528 ni mtetemo mara 528 kwa sekunde basi, imepishana kidogo tu na Do ya kinanda ambayo ni kama 523, ingekuwa inatengeneza DNA wapiga kinanda wote wasingeugua. Dada kama sauti yenyewe unaipenda isikilize, ila usiuziwe kama dawa.

Nirudi kwako. Nimekaa miaka na watu wanaofanya tiba ya muziki, mimi sio mtaalamu ila kuna kitu niliwaona wanakifanya na kinakuhusu moja kwa moja. Miaka ya 1940 kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili Marekani anaitwa Ira Altshuler, yeye alisema mgonjwa mwenye huzuni usimpigie muziki wa furaha, mpigie kwanza unaofanana na hali yake, akishaingia ndani ya muziki ndio uubadilishe kidogo kidogo naye akufuate. Akaiita kanuni ya iso. Ndio maana ule wimbo wa kuchangamka ulikukera, rafiki yako alitaka uruke kutoka chini ya kisima mpaka juu ya paa. Ila na wewe kosa lako ni kwamba unashuka kisimani vizuri kabisa halafu unakaa humo humo mpaka saa nane, nyimbo sita zote ziko chini.

Fanya hivi, zile sita acha mbili tu, mbili zinazokuliza kwelikweli. Ya tatu iwe haina maneno. Ya nne na ya tano ziwe za taratibu, mapigo 60 mpaka 80 kwa dakika, maana moyo uliotulia nao huwa humo humo. Ya mwisho sio lazima iwe ya furaha, iwe tu ya kukufanya useme aah. Halafu ikiisha iishe, toa ile alama ya kurudia, hiyo ndio adui yako kuliko huzuni yenyewe. Dakika kumi baadaye jipime, uko mwepesi kuliko ulivyoanza au mzito? Kulia ukatua mzigo ni kitu kimoja, kulizungusha jambo lilelile kichwani kama feni ni kitu kingine, na wimbo unaweza kubeba vyote viwili.

Fundi_Miksa:
Mimi naongelea masikio tu. Kulala na erifoni acha. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, ukifika 90 umebakiwa na saa 4 tu za wiki nzima, sasa wewe kila siku mpaka saa nane usiku hebu piga hesabu. Tumia kaspika kadogo, kaweke mbali na mto, sauti ya chini, uweke na taima ijizime. Na huo ukimya usiuogope kihivyo, 2006 watafiti wa Italia waliwasikilizisha watu muziki wakachomeka katikati dakika mbili za kimya, mapigo ya moyo na presha vilishuka zaidi kwenye ile kimya kuliko hata kwenye muziki wa taratibu. Kimya baada ya muziki kina kazi yake.

Mtoto_wa_Kwaya:
Sauli mwenyewe roho ikimsumbua alikuwa anapigiwa kinubi na Daudi, kwa hiyo dada hujaanza wewe. Ila mbona wote mnamwambia asikilize tu? Aimbe! Hata kuguna kwa midomo iliyofungwa, mmm ndefu mpaka pumzi iishe, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia moyo unapunguza mwendo. Na mluzi ni vilevile, kwa kawaida ukipiga mluzi unatoa pumzi polepole. Naona mzee alikuwa anajitibu kila asubuhi na nyie mnamgombeza.

Sikio_Moja:
Mtoto wa Kwaya umeniliza na hii ofisini.

Mama_Pacha:
Lia mwanangu. Voisi usifute ila zipangie siku, mfano Jumapili jioni, tena usikilize na ndugu yako sio peke yako gizani. Na hiyo ya chakula na kichwa kugonga ikiendelea muone mshauri nasaha, muziki unasindikiza tu.

Sikio_Moja:
Wakuu nimerudi, wiki mbili sasa. Sitadanganya, siku tatu za mwanzo nilirudisha ile alama ya kurudia. Baada ya hapo nimejitahidi, siku nyingi nalala saa tano saa sita. Wimbo wa tatu ndio ulinisumbua kuupata, kila usio na maneno nasikia kama naisubiri lifti, mwisho nikaweka sauti ya mvua tu imekubali. Voisi tulisikiliza na mdogo wangu Jumapili, ile ya "umekula?" tukajikuta tunacheka wote. Mluzi najaribu, inatoka hewa tupu. Na kwa mshauri nimepata nafasi Alhamisi.

Ila kuna kitu kinanitia presha, hii simu ni ya zamani na imeanza kujizima yenyewe, na voisi zote ziko humu.

Fundi_Miksa:
Dada zihamishe LEO, sio kesho. Fungua moja moja ujitumie kwenye barua pepe, halafu nakili kwenye kompyuta na kwenye flashi, na mdogo wako naye mtumie. Ukikwama njoo PM nikuelekeze.

Sikio_Moja:
Naanza na ya "umekula".