Malalamiko: Wauzaji wanaotuuzia Exotica ya stereo kwa jina na bei ya mono ya 1957

Wadau wa santuri, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kuna tabia imeota mizizi miongoni mwa wauzaji wa santuri za zamani mtandaoni, hasa wale wa Marekani na Ulaya wanaotuma mizigo hadi huku kwetu, ya kuitangaza santuri ya Exotica ya Martin Denny kwa maelezo ya toleo moja, kisha wakafunga kwenye boksi toleo jingine kabisa. Ninaposema toleo jingine sizungumzii mwaka wa uchapaji peke yake. Nazungumzia rekodi nyingine, iliyopigwa wakati mwingine, na mpigaji mwingine kwenye vibrafoni, chombo cha vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vigongo, ambacho ndicho kinachoubeba muziki huu.

Nianze na historia, kwa sababu wauzaji hawa wanategemea sisi tusiijue. Denny alikuwa mpiga piano mzaliwa wa New York aliyehamia Honolulu, na katikati ya miaka ya 1950 kundi lake lilikuwa likipiga katika Shell Bar, baa ya wazi ndani ya hoteli ya Hawaiian Village iliyojengwa na tajiri Henry J. Kaiser. Pembeni ya jukwaa palikuwa na kidimbwi, na usiku mmoja vyura wakaanza kulia wakati kundi likipiga, wakanyamaza muziki uliponyamaza, wakalia tena ulipoanza. Wapigaji wakaanza kuigiza sauti za ndege kwa mzaha, na baadaye mteja mmoja akaja kuomba apigiwe tena ule wimbo wenye ndege na vyura. Hapo ndipo ulipopatikana mtindo uliokuja kuitwa exotica, kwa jina la santuri hii. Augie Colon, mpiga ngoma, ndiye aliyekuwa fundi wa milio ya ndege, John Kramer alishika besi, na Arthur Lyman, kijana wa Hawaii, alisimama kwenye vibrafoni.

Wanne hao ndio walioirekodi Exotica mwezi Desemba 1956, katika studio ya mtangazaji wa redio Webley Edwards huko Waikiki, kwa mono, yaani sauti yote ikiwa katika njia moja bila kugawanywa kushoto na kulia kama katika stereo. Kampuni ya Liberty ikaitoa mwaka 1957 kwa namba LRP 3034. Mwaka huo huo Lyman aliondoka akaunda kundi lake mwenyewe. Ilipofika 1958 santuri za stereo zikaanza kuingia madukani Marekani, na Liberty ilitaka kuiuza Exotica kwa wenye mashine mpya, lakini rekodi ya awali ilikuwa ya mono tu na haikuwezekana kuigeuza stereo ya kweli. Kwa hiyo kundi likarudi studio kuzirekodi upya nyimbo zile zile, safari hii Julius Wechter akiwa kwenye nafasi ya Lyman, na toleo hilo likatoka kwa namba LST 7034 likiwa na jina lile lile na picha ile ile ya mwanamitindo Sandra Warner akichungulia katikati ya pazia la mianzi. Denny mwenyewe alisema wazi kwamba aliipenda zaidi ile ya mono, kwa msisimko wa mara ya kwanza uliokuwamo ndani yake. Kwa hiyo mtu anayetafuta mono hafanyi ushabiki wa vitu vikuukuu. Anatafuta rekodi ambayo mwenye muziki wake aliiona kuwa ndiyo yenyewe.

Sasa sikilizeni niliyotendewa. Muuzaji mmoja wa Marekani, ambaye simtaji kwa kuwa shauri langu bado liko mezani katika soko la mtandaoni alikoniuzia, aliweka tangazo lililosema hivi kwa maana: mono, uchapaji wa kwanza wa 1957, Arthur Lyman kwenye vibrafoni, imerekodiwa ndani ya kuba ya alumini ya Kaiser, hali VG+ (daraja la "nzuri sana na zaidi"). Lile la kuba lilinitia shaka mara moja. Kuba hiyo ni ya kweli, ilikuwepo pale Hawaiian Village, na mwangwi wake mrefu unasikika katika Taboo, santuri ya Lyman mwenyewe iliyotolewa na HiFi Records mwaka 1958. Exotica ya mono haikurekodiwa humo. Nilimwandikia kumweleza hilo, nikamwomba picha ya lebo za pande zote mbili. Alinitumia picha moja ya lebo ya Liberty ya rangi ya feruzi yenye maandishi ya fedha, ambayo ndiyo lebo sahihi ya mono za miaka hiyo, na juu ya tundu la katikati palikuwa na jina la mmiliki wa zamani lililoandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi za kulala. Kwa ushahidi huo nikalipa, pamoja na gharama za posta zilizozidi bei ya santuri yenyewe.

Mzigo ulipofika, jalada lilikuwa kweli la LRP 3034. Ndani yake palikuwa na santuri yenye lebo nyeusi na mstari wa rangi za upinde wa mvua upande wa kushoto, lebo ambayo Liberty haikuwa nayo mwaka 1957, na namba iliyochapwa juu yake ni LST 7034. Jina la kalamu ya bluu halikuwepo popote, wala upande wa pili. Niliigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikasoma herufi zilizochorwa kwenye sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, nazo zikathibitisha kilichochapwa. Maana yake ni kwamba nilitumiwa picha ya santuri ya mtu mwingine, nikauziwa jalada la toleo la kwanza likiwa limevikwa santuri ya stereo iliyochapwa miaka kadhaa baadaye.

Majibu ya muuzaji ndiyo yaliyonifanya niandike hapa. Alisema kwamba nyimbo ni zile zile, kwamba stereo ni bora kuliko mono, na kwamba nimepata faida nisiyoistahili. Huu ni udhalimu uliovishwa lugha ya ukarimu. Mtu akiuziwa kaseti ya taarabu kwa jina la mwimbaji mmoja, akafika nyumbani akakuta nyimbo ni zile zile lakini anayeimba ni mwingine aliyeshika nafasi yake baadaye, hakuna atakayemwambia ashukuru. Wechter alikuwa mpigaji hodari na simdharau hata kidogo, lakini mkono wake si mkono wa Lyman. Katika Quiet Village, ambayo ni utunzi wa Les Baxter kutoka santuri yake ya Ritual of the Savage ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, piano ya Denny inaanza na mzunguko wake mzito wa chini, kisha vibrafoni inaingia juu yake huku ndege wa Colon wakiitana. Katika mono vitu hivyo vyote vinatoka mahali pamoja, vimebanana, na unasikia wapigaji wakisikilizana kama watu waliokwisha kupiga wimbo huo usiku baada ya usiku mbele ya wateja. Katika stereo kila kitu kimetengwa upande wake kwa unadhifu, na kwa masikio yangu ule msisimko umepungua. Mwingine anaweza kuupenda unadhifu huo, na ni haki yake. Haki yangu ni kuletewa nilicholipia.

Niseme pia kuhusu upimaji wa hali ya santuri, maana hapo nako tunaibiwa. Kwa kipimo cha Goldmine, jarida la Marekani la wakusanyaji wa santuri, ambacho karibu wauzaji wote wanakitumia, VG+ ni santuri yenye dalili ndogo za kutumika ambazo haziharibu usikilizaji. Wauzaji wengi hawaisikilizi santuri. Wanaiinua chini ya taa hafifu, wanaona inang'aa, wanaandika VG+. Santuri za exotica zilichezwa sana sebuleni, kwenye karamu, kwenye mashine za miaka ya 1950 ambazo mkono wake ulikuwa mzito na sindano yake mara nyingi ilikuwa imelika, na sindano ya namna hiyo hutafuna kuta za mfereji unaopitisha sindano bila kuacha mkwaruzo unaoonekana kwa macho. Muziki wenye kelele unaweza kuuficha uharibifu huo. Huu hauwezi. Sauti ya vibrafoni ni safi na ya kuning'inia, na mfereji ukiwa umelika, kila kigongo kinapotua unasikia mpasuko wa mchanga pembeni ya sauti, ukizidi kadiri sindano inavyokaribia lebo. Santuri niliyoletewa inafanya hivyo katika nyimbo za mwisho za kila upande, na hakuna kuosha kutakakoiponya, kwa sababu tatizo si vumbi.

Ufungaji nao ulikuwa wa kizembe. Santuri iliachwa ndani ya jalada, ikacheza njiani, ikapasua mshono wa juu wa jalada kwa urefu wa kiganja. Kila mtu aliyewahi kuuza santuri anajua kwamba hutolewa nje ya jalada, ikabaki kwenye mfuko wake wa ndani, na kuwekwa nyuma ya jalada kati ya makadi mawili magumu.

Kinachonikera zaidi ya hayo ni neno "adimu" linalobandikwa kwenye kila tangazo ili kupandisha bei. Exotica haikuwa santuri ya watu wachache. Ilifika nafasi ya kwanza kwenye chati za santuri za Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1959, na Quiet Village ikafika nafasi ya 4 kwenye chati ya nyimbo. Nakala zake zimejaa Marekani, na kabla ya muziki huu kufufuliwa katika miaka ya 1990 zilikuwa zikiuzwa kwa senti kwenye maduka ya vitu vya mitumba. Kilicho kigumu kupatikana ni nakala ya mono yenye lebo ya feruzi ambayo mifereji yake ingali mizima, na ndiyo maana muuzaji anayejua anachokifanya huazima umaarufu wa nakala hiyo kuuza nyingine.

Wapo watakaonishauri ninunue toleo jipya niepukane na usumbufu. Baadhi ya matoleo mapya ni kazi nzuri, na huwa yanaeleza yametoka kwenye utepe gani wa kurekodia na yamepewa kibali na nani. Mengine yanayotoka Ulaya hayasemi lolote. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ulinzi wake umekwisha katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mtu yeyote huko anaweza kuchukua CD, akaichapa kwenye santuri nzito, akaiandika kuwa ni toleo la heshima bila kuugusa utepe wa asili. Sheria inamruhusu. Lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa, na juu ya majalada hayo mara nyingi huoni hata neno moja linalosema kama kilichomo ni mono ya 1956 au stereo ya 1958.

Kwetu sisi wa huku jambo hili lina uzito wa pekee. Aliyeko Los Angeles anaweza kuingia dukani, akaitoa santuri mfukoni, akaisoma lebo na kuiomba ichezwe. Sisi tunanunua maneno na picha. Maneno yakiwa ya uongo na picha ikiwa ya kuazima, hatuna kingine cha kushika, na ukidai haki unaambiwa urudishe mzigo kwa gharama yako, gharama inayomeza marejesho yote. Ndivyo alivyoniambia muuzaji huyu, akijua fika kwamba wengi huishia kukubali hasara. Sikukubali. Nimepeleka kwenye soko hilo picha aliyonitumia, picha ya nilichopokea na maandishi ya tangazo lake, nikadai fedha zangu zote pamoja na posta ya kuja na ya kurudi.

Ninachotaka kwa wauzaji si kikubwa. Mtu anayeandika mono ya 1957 aonyeshe lebo za santuri ile ile anayoiuza, pande zote mbili, na ile sehemu tupu yenye herufi zilizochorwa, katika picha moja pamoja na jalada lake. Kama hajaicheza, aandike kwamba hajaicheza. Kama hajui ni rekodi ipi, aache kumtaja Lyman.

Kwenu wadau nina ombi. Naweka hapa chini ile picha ya lebo ya feruzi yenye jina la kalamu ya bluu, jina lenyewe nikiwa nimelifunika ila herufi ya kwanza. Kama santuri hiyo ni yako, au umewahi kuiona picha hiyo kwenye tangazo jingine, niandikie, kwa sababu wanaosikiliza shauri wananidai uthibitisho kwamba picha haikuwa ya muuzaji. Na kama na wewe umeletewa LST ndani ya jalada la LRP, weka picha zako kwenye uzi huu pamoja na maandishi ya tangazo ulilouziwa nalo.