Tupeane uzoefu: mliambiwa ni gesi, kumbe ni moyo

Kisogo
Wakuu, habari za usiku. Leo kazini jamaa wa meza ya jirani kapanda ngazi, kafika juu akajishika hapa katikati ya kifua, akavuta droo, akatoa vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia, akabugia viwili. Dakika tatu baadaye anaendelea na kazi. Mimi nimeshindwa kumaliza siku. Yule jamaa ni mimi wa miaka minne iliyopita, hata droo ni ya upande ule ule.

Nilitibiwa vidonda vya tumbo miezi minane. Nikaingizwa mpira wenye kamera, wakaona wekundu kidogo, nikapewa dozi, nikairudia mara tatu. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nilipigwa mbili, nimelala chali nimetulia kama maiti, zote safi. Hakuna aliyeniuliza swali moja tu: maumivu yanakuja ukifanya nini? Yangu yalikuwa yanakuja nikifika ghorofa ya pili, nikisimama yanaondoka. Tumbo halijui ngazi, wakuu.

Aliyenibaini ni daktari kijana, akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia huku nimebandikwa nyaya kifuani. Kila dakika tatu inaongeza mwendo na mwinuko. Fundi wa mashine alikuwa ananipigia stori za mpira. Dakika ya saba akanyamaza. Nikamwona macho yapo kwenye skrini, kidole kiko juu ya kitufe cha kuzimia. Anjiografia, ile picha ya mishipa ya moyo, ikaonyesha mshipa wa mbele kushoto umeziba asilimia 90. Stenti moja, kile kibomba cha waya cha kushikilia mshipa ubaki wazi, biashara ikaisha.

Nyie mlijuaje?

Tandu
Siti ya mbele kabisa. Uzi huu unanihusu.

Ngurumo
Nakazia kwa mleta mada. ECG ya kulala ukiwa huna maumivu ni picha ya gari lililoegeshwa. Haikwambii litapandaje mlima.

mama_wawili
Sikuwa na mpango wa kuandika, lakini hiyo "zote safi" imenitibua.

Mimi halikunishika kifua. Lilinishika taya. Taya la chini kushoto, maumivu ya kuvuta, yanakuja na kwenda, na uchovu ambao hata kukunja shuka ilikuwa kazi ya kupumzika mara mbili. Nikaenda kwa daktari wa meno. Akagonga gonga, akasema hili la nyuma ndilo. Likang'olewa. Nikakaa na pengo langu siku nne, maumivu yako pale pale.

Usiku wa siku ya tano nikaamka nimelowa jasho mpaka mto umelowa. Kichefuchefu, mgongo katikati ya mabega unachoma. Mume wangu akanipeleka. Mapokezi wanauliza tatizo, nasema taya na mgongo. Wakanipa kiti. ECG ikapigwa, "ya kawaida". Damu ikachukuliwa kuangalia troponini, ile inayopanda msuli wa moyo ukiumia, ikarudi chini. Yule wa zamu akamwambia mume wangu, mimi nikiwa pale pale kama kabati, kwamba huyu mama ana mawazo, akapumzike nyumbani.

Kuna nesi mmoja, mtu mzima, akasema: maumivu yameanza lini? Nikasema kama saa moja na nusu iliyopita hivi. Akamgeukia yule wa zamu: basi hiyo damu tumechukua mapema, haendi mtu nyumbani mpaka tuirudie baada ya masaa matatu. Akanilaza kitandani, akanibandika mashine ya mapigo. Niliudhika, nilitaka kwenda kulala.

Nikawa nahesabu vigae vya dari ili usingizi usinipitie. Nimefika tisa...

Naendelea baadaye, mtoto analia.

Mkia wa Taa
Dada usitufanyie hivyo!!! Vigae tisa halafu?

Tandu
Mtoto apewe baba yake. Muendelezo tafadhali.

Kisogo
Tukimsubiri mama, wengine endeleeni.

Shoti ya Pili
Mimi si mishipa, mimi ni umeme. Moyo wangu ulikuwa unaweza kutoka mapigo 70 kwa dakika kwenda 190 nikiwa nimekaa tu naangalia taarifa ya habari, kama mtu kawasha swichi. Unadumu dakika ishirini unazima. Nikifika hospitali nimepona, wananiangalia kama mzushi. Nikafungwa kile kimashine cha kurekodi mapigo saa 24, siku hiyo moyo ukawa na adabu za harusini. Wakanifunga tena, cha wiki nzima, ndipo ukanaswa.

Mara moja nikawahi moyo ukiwa bado unakimbia. Kwanza wakaniambia nipulize bomba la sindano mpaka kijiti kisogee, halafu wakanilaza ghafla na kuniinua miguu. Haikusaidia. Wakanichoma adenosini, sindano ya kukata mbio za moyo. Daktari kasema "utajisikia vibaya kidogo". KIDOGO! Ule ni mlango wa kaburi, wakuu. Kama sekunde kumi hivi unahisi kila kitu kinakuacha, halafu moyo unarudi: du... du... du, taratibu. Baadaye nikaunguzwa ile njia ya ziada ya umeme moyoni kwa katheta, mrija mwembamba uliopitia kinenani. Mwaka wa tatu sasa, kimya.

Ngurumo
Nakumbuka hiyo sindano. Nilimsamehe kila mtu aliyenikosea. Nilipopona nikaondoa msamaha.

Asili Halisi
Poleni wote. Stenti na visu ni biashara za watu. Kuna dawa ya asili ya kuzibua mishipa, siku 21 tu unaenda kupima umekuwa mpya. Aliye tayari aje inbox.

Nesi Mstaafu
Nilijua utakuja. Yale mafuta yanayoziba yamo ndani ya ukuta wa mshipa, yamekaa miaka, mengine yamegeuka magumu kama chokaa. Hayazibuliwi kama bomba la sinki. Hata statini, dawa za kushusha lehemu, kazi yake kubwa ni kuyatuliza yasipasuke, kwa sababu yakipasuka damu inagandia pale na hapo ndipo mtu anaondoka. Dawa yako inafanya lipi kati ya hayo?

Asili Halisi
Nyie wa hospitali mmekaririshwa.

Mkia wa Taa
Jibu swali mkuu, usikimbilie inbox.

Kigoda cha Babu
Mimi nilitumiwa ujumbe kwamba mshtuko wa moyo ukikukuta peke yako, vuta pumzi na kukohoa kwa nguvu mpaka msaada ufike. Hii ni kweli? Nimeihifadhi kwenye simu.

Nesi Mstaafu
Ifute babu. Kukohoa kumewahi kusaidia watu waliokuwa kwenye kathlabu, chumba cha kupitisha mrija moyoni, wamefungwa mashine, daktari amesimama pembeni anaona mapigo yanabadilika na anawaambia wakohoe sekunde hiyo hiyo. Wewe nyumbani huo muda tumia kupiga simu ya dharura, fungua mlango, kaa chini. Usiendeshe gari mwenyewe.

Ngurumo
Na aspirini ya miligramu 300 itafune kwanza, usiimeze nzima.

Kisogo
Hapo ngoja. Mimi nilikatazwa aspirini kwa ajili ya tumbo.

Ngurumo
Tumbo ambalo halikuwa na kitu?

Kisogo
😂 Ndiyo hilo.

Nesi Mstaafu
Mnacheka lakini Kisogo ana hoja. Mwenye mzio nayo, au anayetapika damu, au mwenye maumivu ya kupasuka ghafla yanayokwenda mgongoni, asijitafunie tu. Piga simu kwanza, watakwambia utafune au uache.

Fundi Saa
Nisaidieni ushauri wa haraka. Nina miaka 52, Alhamisi naingizwa mrija kwenye mkono kwenda kwenye moyo kupigwa picha. NASIKIA UNAKUWA MACHO. Mimi hata sindano ya kawaida naangalia pembeni. Mke wangu hajui kama naogopa.

Mtafuna Kalamu
Fundi, tulia. Mtu wa kwanza kujipitishia katheta mpaka moyoni ni daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, mwaka 1929. Alijichoma mkononi mwenyewe, akausukuma, halafu akatembea kwa miguu hadi chumba cha eksirei apigwe picha ya ushahidi. Wakubwa zake walimwona kichaa. Mwaka 1956 akapewa Nobeli. Na aliyezibuliwa mshipa wa moyo kwa puto mara ya kwanza, Zurich, Septemba 1977, chini ya daktari Andreas Grüntzig, alikuwa macho pia. Sasa wewe wa Alhamisi unaogopa nini?

Fundi Saa
Naogopa zaidi sasa.

Kisogo
Achana na historia. Wanakuganzisha hapa kwenye kifundo cha mkono, panauma kama sindano ya meno. Ndani ya mishipa husikii mrija unavyopita. Rangi ya kuonyesha mishipa kwenye picha ikiingia kuna wanaosikia joto linashuka, mimi nilidhani nimejikojolea, nikawa naona aibu bure. Ukimaliza wanakufunga kibangili chenye hewa, wanakipunguza kidogo kidogo. Usijitutumue kubeba begi siku hiyo. Na uwaambie mapema kama una shida ya figo au unatumia metformini ya kisukari.

Ngurumo
Mwambie mkeo.

Tandu
Usimwambie, ataogopa yeye, utaanza kumtuliza wewe.

Mzee Kipande
Kwa kuwa mmefungua moyo, nami nifungue. Mimi nina kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Siku kifua kimenibana nikapelekwa. Daktari anauliza mbele ya watu: mzee, katika saa 24 hizi umetumia dawa yoyote ya chumbani? Mama mkwe wangu kasimama miguuni pa kitanda. Ningejibu nini? Nikasema hapana, mimi?

Wakaninyunyizia nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi. Presha ikashuka mpaka nikaanza kuiona dunia kwa mbali kama naitazama ndani ya neli. Miguu ikainuliwa juu, dripu ikafunguliwa mpaka mwisho. Nilipopata sauti nikasema ukweli wote, kwa kelele, na dozi nikataja. Mama mkwe alikuwa bado yupo.

Mkia wa Taa
Nimecheka mpaka nimejishika kifua, sasa sijui niende kupima.

Nesi Mstaafu
Wanaume, sikilizeni. Dawa za nguvu za kiume zikikutana na nitrogliserini presha inaporomoka: ukimeza sildenafili zipite kwanza saa 24, tadalafili saa 48. Likiulizwa swali hilo, jibuni hata kama yupo mkwe, shehe na padri.

mama_wawili
Nimerudi. Tisa, nikaona weusi unaingia kutoka pembeni. Sikusikia maumivu. Nilichofuata kukiona ni kigae cha kumi, na nikasema "kumi" kwa sauti. Blauzi yangu imekatwa kwa mkasi kutoka chini hadi shingoni, mume wangu ameegemea ukuta anaangalia viatu vyake, na yule nesi ana jasho juu ya mdomo. Mapigo yalikuwa yamevurugika, moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Walinikandamiza kifua karibu dakika mbili, shoti ya kwanza haikushika, ya pili ikashika. Mbavu mbili ziliniuma miezi miwili.

ECG ya pili ikawa na mabadiliko waziwazi. Majibu ya damu ya pili yalipotoka, mimi tayari niko mlangoni mwa kathlabu. Mshipa wa kulia ulikuwa umeziba kabisa.

Jiwe la Kusagia
Samahani, lakini hii ya kufa kwenye tisa na kufufuka kwenye kumi ni chai. Tena yenye sukari nyingi.

Tandu
Mkuu uwe na utu.

Jiwe la Kusagia
Utu ninao, nauliza tu. Mtu moyo umesimama anakumbukaje hesabu?

Nesi Mstaafu
Aliyeangukia kitandani akiwa amefungwa mashine, akapigwa shoti ndani ya dakika mbili, wapo wanaoamka kama waliosinzia kwenye basi. Wapo wanaoamka wanapigana. Nimewahi kumzindua mtu akaniuliza mbona nimemkalia. Aliyeangukia nyumbani akakaa dakika kumi bila kukandamizwa, huyo ndiye mara nyingi hatukupata nafasi ya kubishana naye kuhusu hesabu.

Jiwe la Kusagia
Sawa. Nimeelewa. Pole mama.

mama_wawili
Nimeshapoa. Kilichoniuma si shoti, ni lile neno "mawazo". Mume wangu angekuwa ndiye amelala pale na jasho lile, angeambiwa ana mawazo?

Kengele
Nimepita kimya kimya, ngoja niseme. Mimi nina valvu ya chuma, ilibadilishwa nikiwa na miaka 23. Koo la utotoni ambalo halikutibiwa vizuri, likaja kula valvu. Usiku chumba kikiwa kimya inasikika, tik, tik. Mdogo wangu nilipokuwa nalala naye alidhani kuna saa chini ya godoro. Nipo kwenye wafarini ya kuzuia damu kuganda maisha yote, napima INR kuona damu inachukua muda gani kuganda, na nikienda kung'oa jino lazima niseme kwanza, nipewe na antibaiotiki kabla.

Kisogo
Kengele, jina sasa limeeleweka.

Ngurumo
Walio na stenti: vile vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda msiviache wenyewe. Binamu yangu aliacha kimojawapo, klopidogreli, mwezi wa tatu baada ya stenti kwa sababu alikuwa anapata michubuko na "amepona". Stenti ikaganda. Yupo, lakini eko, ile ultrasaundi ya moyo, inasema kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu iliyomo, na hapandi kitanda bila kupumzika.

Asili Halisi
Angekuja inbox.

Mkia wa Taa
🙄

Fundi Saa
Nimemwambia mke wangu. Kumbe alikuwa anajua, aliiona barua kwenye mfuko wa suruali tangu wiki iliyopita. Naye alikuwa hasemi ili nisiogope.

Kisogo
Huyo jamaa wa kazini nimempigia sasa hivi. Nimemuuliza, linakuja ukifanya nini? Akakaa kimya, akasema "ngazi". Halafu akasema wiki hii limekuja mara mbili akiwa amekaa tu.

Nesi Mstaafu
Kisogo, la kuja ukiwa umekaa halingoji kesho. Mpigie tena, aende usiku huu.

Kisogo
Tuko njiani. Naendesha mimi.

Mkia wa Taa
Mfike salama. Mama wawili, swali la mwisho, yule daktari wa meno ulimrudia?

mama_wawili
Nilimrudia na blauzi iliyokatwa nikamwonyesha. Akaomba radhi, halafu akaniuliza kama nataka jino la bandia. Lile alilong'oa lilikuwa zima, ninalo kwenye kopo.