Tupeane uzoefu: uliumia kazini, bosi akakupa "ya dawa". Uliishia hapo au ulidai?

Mbao za Keko (mleta mada)
Wakuu, naanza mimi. Mwaka 2019 nilikuwa kibarua karakana moja ya fanicha pale Keko, Dar. Mkataba hakuna, malipo kila Jumamosi. Mashine ya kupasulia ilikuja na kifuniko cha msumeno, lakini kilishavuliwa na kutundikwa ukutani kwenye msumari, eti kinachelewesha mbao nene. Siku hiyo napasua mninga wenye jicho, ubao ukaruka kunirudia, mkono ukateleza mbele. Vidole viwili vya kushoto kwaheri. Mpaka leo naona yale maranda mekundu, na mwenzangu anayafagia haraka bosi asiyakute.

Bosi alinipa elfu 50 na pole nyingi. Nikamshukuru, wallahi! Miezi mitatu baadaye jamaa wa chama cha wafanyakazi akaniuliza kama nimepeleka madai. Madai gani? Ndipo nikajua kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2015, mchango anatoa mwajiri peke yake, na una miezi 12 ya kudai tangu ajali. Kazi ilikuwa kuonyesha kwamba niliajiriwa pale. Kilichoniokoa ni picha ya daftari la malipo niliyopiga kwa simu siku tuliyobishana kuhusu ovataimu. Nilifuatilia mpaka viatu vikaisha, ila nililipwa.

Nesi wa Zamu
Pole sana kaka. Watu wanadhani haya ni ya viwandani tu. Sheria ya zamani kweli ilikuwa ya viwanda, lakini hii ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inatugusa hata sisi wa wodini.

Boksi la sindano linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Letu lilikuwa limejaa pomoni, ncha zimechungulia juu. Saa tisa usiku, wagonjwa 40, tuko wawili. Nasukuma sindano iingie, nyingine ikanidunga kidole gumba. Unaijua hofu ya kusubiri majibu ya damu ya mgonjwa usiyemjua? Nilianza dawa za kinga dhidi ya VVU asubuhi ile ile (mwisho wa kuanza ni saa 72 tangu udungwe), nikazimeza siku 28, kichefuchefu juu ya kichefuchefu. Nilipotaka tukio liandikwe, mkubwa wangu akasema, "Dada, ukiandika utaonekana mzembe." Nikaandika. Wiki iliyofuata maboksi mapya yakaletwa.

Mjengo254
Nairobi hapa. Nilikatwa pesa ya helmeti na buti kwa mshahara wa kwanza, na helmeti yenyewe ilikuwa na ufa. Sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 inakataza mwajiri kukutoza vifaa vya kujikinga. Nilipomwambia foreman akacheka, akaniambia niende nikafanye kazi na hiyo sheria. Niliondoka mwisho wa mwezi. Sikudai kitu, niseme ukweli.

Mwenye Karakana
Nyie mnamsema bosi tu. Mimi nina mafundi sita wa kuchomelea. Nilinunua miwani na barakoa sita, mwezi haujaisha zimebaki mbili. Fundi anakwambia inamtia joto, anafumba jicho moja anachomelea hivyo hivyo. Usiku analia macho yana mchanga, kesho kaweka vipande vya kiazi. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu
Kiazi hakitibu, mlete hospitali. Halafu sheria inambana na fundi pia, akipewa kifaa lazima akitumie. Ila una watu zaidi ya wanne, mkuu, hapo sheria inakubana na wewe. Ulishamteua kwa maandishi mwakilishi wao wa usalama?

Mwenye Karakana
Hapo umenipata. Hilo ndio nalisikia leo.

Mjengo254
Chagua yule anayelalamika sana. Huyo ndiye anaona kila kitu.

Mwenye Karakana
Mleta mada, na kile kifuniko cha msumeno? Waliishia kukirudisha?

Mbao za Keko
Nilipita pale mwezi uliopita kumsalimia rafiki. Bosi mpya, mashine ile ile. Kifuniko kipo kwenye msumari, wanatundikia makoti.

Nesi wa Zamu
Ulimwambia?

Mbao za Keko
Nilimwonyesha mkono. Akatuma kijana akatafute bisibisi.