Bunduki ya marehemu baba imebaki nyumbani: aichukue kaka au ikabidhiwe polisi?

Mwana wa Nzega anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Baba yetu alifariki miezi miwili iliyopita. Siku ya kugawana nguo zake tuliikuta bunduki yake ya marisau nyuma ya kabati, imeviringishwa kwenye shuka kuukuu, pamoja na kopo la maziwa ya unga lenye risasi 11 ambazo nyingine zimeota kutu. Kitabu cha leseni kipo na kina jina lake. Aliinunua kihalali zamani kwa ajili ya kufukuza nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mihogo na karanga zetu.

Kaka mkubwa anasema hiyo ni mali ya mirathi kama walivyo ng'ombe na jembe la kukokotwa, tena ataihitaji kwa sababu wezi wa mifugo hawajaisha. Dada anataka ikabidhiwe polisi mara moja. Mimi nina maswali mawili. Je, silaha hurithiwa? Na hata kama sheria ingeruhusu, ni busara kukaa nayo ndani? Nakiri pia kwamba naogopa kuulizwa kwa nini tumekaa nayo muda wote huu.

Karani wa Mirathi:

Poleni kwa msiba. Ng'ombe hurithiwa, jembe hurithiwa, lakini leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, si ya nyumba wala ya ukoo. Katiba yetu haina kifungu kinachofanana na Marekebisho ya Pili ya Marekani ya mwaka 1791, ambayo huko huhesabiwa kuwa msingi wa haki ya raia kushika silaha. Kwetu kumiliki bunduki ni ruhusa inayoombwa, na inaweza kukataliwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka mwombaji awe na cheti kinachothibitisha kwamba anajua kuitumia silaha. Maombi yenyewe huanzia serikali ya kijiji na kupitia kamati ya usalama ya wilaya. Kaka yako akitaka silaha, aianze njia hiyo kwa jina lake mwenyewe.

Kuhusu hofu yako, nakushauri usiibebe bunduki hiyo kwenye bodaboda ukidhani unatii sheria. Msimamizi wa mirathi aende kituoni mikono mitupu, akiwa na cheti cha kifo na kile kitabu cha leseni, aeleze hali ilivyo na kuwaomba askari waje kuichukua. Adai hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Polisi wamewahi kutangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na silaha zilizoachwa na marehemu hutajwa waziwazi, kwa hiyo ninyi si familia ya kwanza.

Mfugaji wa Igunga:

Karani ameeleza sheria vizuri, ila sheria hiyo inasomeka kwa urahisi zaidi ukiwa karibu na kituo cha polisi. Sisi tunaoishi mbali, ng'ombe wakiswagwa saa nane za usiku, askari wanafika wakati kwato zimeshafutika. Tazameni Karamoja kule Uganda: serikali ilipoanza kukusanya bunduki mwishoni mwa mwaka 2001, waliosalimisha zao walivamiwa na majirani ambao bado walikuwa nazo. Siungi mkono silaha zisizo na leseni, lakini mtu asituambie kwamba ukisalimisha bunduki basi umepata usalama.

Muuguzi Kahama:

Mfugaji, hoja yako ya Karamoja ni ya kweli, lakini kule jamii nzima ilikuwa na bunduki za kivita. Hapa tunazungumzia bunduki moja ya marisau na risasi zenye kutu. Wazee wetu huku Shinyanga na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliwakabili wezi wa ng'ombe kwa Sungusungu, wakiwa na pinde, mishale na yowe linalopokewa kijiji hadi kijiji. Sungusungu nao walikuwa na makosa yao, tena makubwa, lakini kilichomrudisha ng'ombe ni wingi wa watu waliotoka nje.

Mimi ninaogopa zaidi watu wa ndani kuliko wezi. Niliwahi kumsafisha vidonda mtoto wa miaka tisa ambaye binamu yake alikuwa akimwonyesha "bunduki ya babu"; tulihesabu marisau 14 katika goti na paja. Mwenye bunduki alikuwa na leseni halali kabisa, ila aliiacha ikiwa na risasi. Na huko Marekani, kati ya watu zaidi ya 48,000 waliokufa kwa risasi mwaka 2021, zaidi ya 26,000 walijiua wenyewe. Nyumba yenu imetoka msibani. Je, mmemwuliza mama yenu, ambaye ndiye anayelala na hiyo bunduki?

Mwana wa Nzega:

Muuguzi, nasikitika kusema hatukuwa tumemwuliza. Nilimpigia simu jioni ileile, akaniambia kwamba tangu mazishi analala chumba cha wajukuu, na kwamba marehemu hakuwa ameipiga bunduki hiyo kwa miaka mingi. Nguruwe alikuwa akiwafukuza kwa kupiga debe.

Juzi kaka, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, alikwenda kituoni kama Karani alivyoshauri. Askari wawili walikuja, wakaifungua na kuikuta na risasi moja ndani ya mtutu, ya kumi na mbili. Kaka alikuwa ameishika mara tatu mbele ya watoto wake akituonyesha jinsi inavyolengwa. Alitia saini hati bila kusema neno. Bado anasema ataomba leseni yake mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji amemwambia alete barua.

Mama amerudi chumbani kwake.