Mrejesho: tiba ya usonji shuleni na kwenye bima

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza namna sisi wazazi wa watoto wenye usonji (hali inayoathiri mawasiliano ya mtoto na wengine) hapa Dodoma tunavyoweza kudai tiba ya usemi shuleni na kwenye bima. Nawashukuru sana mlionijibu. Nilipokwenda peke yangu nilirudishwa mlangoni, lakini barua ya pamoja mliyoshauri, inayotaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na kuambatanishwa na ripoti za madaktari, ilipokelewa na mbunge wetu, naye ameahidi kuifuatilia. Shuleni mwalimu ameanza kutumia kadi za picha, na juzi mwanangu, badala ya kulia, alimnyooshea kadi ya maji. Bima bado imekataa, kwa maelezo kwamba huduma hiyo haimo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma inazozilipia, lakini rufaa tumeshaiandika.