Idara ya IT ya mtu mmoja: msaidizi, kampuni ya nje au wingu?

MtuWaSeva:
Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu ina watu kama 40 na idara nzima ya IT ni mimi. Naunganisha printa ya masjala, nakagua bakapu (nakala za akiba za data), nafuatilia mtoa huduma ya intaneti, halafu narudi kwenye printa ileile. Kazi naipenda. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba nikiumwa kesho, hakuna anayejua hata pa kuanzia.

Seva yetu, yaani kompyuta kuu ya ofisi, inatumia Windows Server 2016, na Microsoft wanaacha kuipa masasisho ya usalama Januari 12, 2027. Uongozi unataka pendekezo moja la kutatua suala la mtu na la mtambo kwa pamoja: tuajiri msaidizi, tuingie mkataba na kampuni ya nje, au tuhamishie kila kitu kwenye wingu (seva za kukodi kupitia intaneti) nami nibaki peke yangu? Bajeti haibebi mawili kwa ukamilifu. Waliopitia hili, naomba mawazo.

KeboNdefu:
Wingu, mkuu. Barua pepe ndiyo ianze kuondoka. Kuendesha seva ya barua pepe peke yako ni kazi ya kutwa nzima ya mtu mmoja: masasisho, taka za matangazo, diski kujaa usiku. Ukihama, hayo yanakuwa ya mwingine. Utabaki na rekodi za SPF, DKIM na DMARC (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli) kwenye domeini yako, yaani jina la kampuni kwenye intaneti, na hizo ukizipanga vizuri mara moja zinatulia.

Ila usimwahidi bosi kwamba kazi itaisha. Kufungua akaunti za wapya, kumfungia aliyeacha kazi siku hiyohiyo, na simu za "nimeshindwa kuingia" zote zinabaki kwako.

Na angalia programu ya uhasibu. Nyingi za zamani zinasoma faili la data moja kwa moja kwenye mtandao wa ndani. Ukiliweka faili hilo mbali, kufungua ankara moja kunageuka kusubiri, na watu wawili wakiandika kwa pamoja faili linaweza kuharibika. Ijaribu na mhasibu mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti, tena mwisho wa mwezi, kabla ya kusaini chochote.

NakalaTatu:
Naunga mkono, lakini wingu si bakapu. Machi 10, 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wateja ambao nakala zao zilikuwa palepale walipoteza vyote. Hata bila moto, kwenye Microsoft 365 ukifuta akaunti ya mtu una siku 30 za kuirudisha. Bosi akiuliza barua za yule aliyeondoka mwaka jana, utamjibu nini?

Kanuni ni ileile ya zamani: nakala 3, aina 2 za hifadhi, 1 ikae mahali pengine. Na ijaribiwe. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi kodi za programu, alifuta data ya seva kuu kwa bahati mbaya. Walipokwenda kwenye bakapu, ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua za tahadhari zilikuwa zinakataliwa kwa sababu ya DMARC. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 kabla. Hao walikuwa timu nzima. Wewe uko peke yako, kwa hiyo usitegemee barua ya tahadhari: chagua faili moja kila mwezi na ulirudishe.

FundiWaNje:
Mimi niko upande wa pili, kampuni inayohudumia ofisi ndogo. Tunachofanya vizuri ni masasisho, ulinzi wa mtandao na kuangalia mitambo usiku. Tunachoshindwa ni kujua watu wako: nani akisema "haraka" ni haraka kweli.

Someni mkataba kwa makini. Muda wa kuitika si muda wa kutatua. Nikikutumia barua "tumepokea" ndani ya saa moja nimetimiza mkataba, na seva yako bado imelala. Pia domeini isajiliwe kwa jina la kampuni yenu, kamwe isiwe kwa jina letu.

Muulize mtoa huduma jinsi anavyolinda zana zake. Julai 2, 2021 wahalifu walipitia programu ya Kaseya, ambayo watu kama sisi tunaitumia kusimamia kompyuta za wateja kwa mbali. Kaseya wenyewe walikadiria biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika, na nyingi hazikuwahi kusikia hilo jina.

MamaSwichi:
Mbona msaidizi hatetewi? Mtu wa pili ndiye anayekupa likizo ya kweli. Miezi ya kwanza atakula muda wako, hilo likubali. Lakini ukimwachia printa tu ataondoka mara apatapo pengine. Mpe bakapu. Mwache arudishe mafaili kwa kufuata maandishi yako huku wewe umenyamaza. Kila anapokwama, ndipo maandishi yako yana pengo, na pengo hilo ndilo lingewasumbua siku unaumwa.

Hayo maandishi yanahitajika kwa njia yoyote utakayochagua. Anza nayo wiki hii, hata kabla ya bajeti.

MtuWaSeva:
Asanteni sana, wakuu. Naelekea hivi: barua pepe na mafaili yaende kwenye wingu, uhasibu ubaki kwenye seva ndogo mpya hapahapa, na mkataba mdogo wa nje kwa siku ambazo sipo. Msaidizi nitamwombea bajeti ijayo. FundiWaNje, huwa mnakubali mkataba wa saa chache tu?

FundiWaNje:
Wengi tunakubali, saa za kulipia mapema. Ila mtu wetu aje ofisini kwako kabla hujaondoka, aone swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) iko wapi na kebo ipi inaenda wapi.

MamaSwichi:
Na wapewe akaunti yao ya usimamizi, yenye uthibitisho wa hatua mbili, unayoweza kuifunga mwenyewe. Ile yako usimpe mtu. Nenosiri la akaunti ya dharura liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kukaa kwenye sefu ya mkurugenzi.