Mabawa ya ndege yangu YALIKUNJWA MAKUSUDI! Nani kamwomba anyooshe?

Mzee_wa_Msasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, huyu mtu ametoka kwangu Tabata sasa hivi, bodaboda aliyopanda sidhani kama imefika hata Ubungo. Simtaji. Humu ndani nani hamjui? Anayejua kila kitu, anayeshika kila kitu, anayekula kwa watu halafu anakosoa chumvi. Ndiyo, huyo huyo uliyemfikiria.

Amenyoosha mabawa ya Hellcat yangu, modeli ya ndege niliyoiunga kwa mkono. Narudia kwa waliokaa nyuma: AMENYOOSHA MABAWA.

Kwa wageni wa jukwaa, F6F Hellcat ni ndege ya kivita ya Wamarekani, vita kuu ya pili, ilikuwa inaruka kutoka kwenye manowari za kubeba ndege. Mabawa yakiwa wazi ni mita 13 ncha kwa ncha. Jaza ndege za hivyo ndani ya meli uone kama utapata pa kupita. Ndiyo maana Grumman, kampuni iliyoiunda, wakatengeneza bawa linalozunguka kwenye bawaba na kulala ubavuni, ndege inatulia kama kuku aliyefunga mabawa, upana unabaki kama mita 5. Leroy Grumman mwenyewe aliusaka ujanja huo kwa kifutio na vibanio vya karatasi. Bawa likikunjwa, bunduki zinatazama chini. HIVYO NDIVYO INAVYOPAKIWA MELINI. Haijavunjika! Haijalegea! Haiumwi!

Boksi langu ni la skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, linakuachia uchague mabawa wazi au yaliyokunjwa. Nikachagua kukunja, na kila aliyewahi kuunga modeli anajua maana yake: kazi yote iko pale kwenye maungio, bawaba, mabomba madogo ya haidroliki, vyuma vya ndani ambavyo ukifungua mabawa hakuna atakayeviona. Injini ni Double Wasp ya silinda 18, nimeivuta nyaya za plagi moja moja. Nimechuna hedifoni mbovu, nikatoa ule uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele, nauingiza kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu huku nimebana pumzi. Rangi nimepaka tatu: buluu ya bahari juu, buluu iliyofifia ubavuni, nyeupe tumboni, kama zilivyokuwa kabla ya ile buluu tupu ya kung'aa iliyoingia 1944.

Basi niko jikoni namwandalia juisi ya ukwaju. Nasikia TAK.

Wakuu, ile TAK! Mtaa mzima umeisikia. Mbwa wa jirani amenyamaza. Natoka mbio, namkuta anatabasamu, bawa la kushoto limenyooka kuelekea dirishani. Ananiambia, "Kaka, bawa lako lilikuwa limelegea, nimekunyooshea."

LIMELEGEA. NIMEKUNYOOSHEA.

Na kabla mdomo wangu haujafunguka, ameshalishika la kulia. TAK. Mbele ya macho yangu! Kipande cha bawaba kimeruka kimeingia chini ya friji. Halafu, sikilizeni hili, halafu anageuka kunifundisha: "Mngekuwa mnasoma maelekezo kwanza." Mimi! Maelekezo nimeyasoma mpaka karatasi imechanika mikunjo!

Nikamwambia atoke. Akasema nisikasirike, si toi tu, Kariakoo yamejaa.

TOI!

---

Kibuyu_Kikavu: Picha iko wapi mkuu? Bila picha hii ni chai, tena ya rangi.

MamaMapacha: Pole baba. Ila juisi alikunywa?

Mzee_wa_Msasa: Juisi nimeimwaga kwenye sinki anaona! Mtu amenyoosha mabawa yote mawili halafu anywe ukwaju wangu?

MamaMapacha: Dhambi ya kumwaga ukwaju ni kubwa kuliko ya bawa.

FundiGundi: Pole sana mkuu, huyo namjua vizuri. Alikuja kwangu ametoka kula mihogo ya chachandu, akashika kioo cha rubani cha Zero yangu, ile ndege ya kivita ya Wajapani. Alama ya dole gumba ipo mpaka leo, imekauka na pilipili yake. Na ile Zero ni mfano wa 21, inakunja ncha tu, nusu mita kila upande. Akaniuliza mbona ncha zimepinda. Bahati nzuri nilikuwa karibu, nikamdaka mkono.

Mzee_wa_Msasa: Ona sasa! Ni tabia! Wewe ulimdaka, mimi nilikuwa jikoni. TAK!

Dogo_wa_Mbagala: Watu wazima mnalilia ndege ya plastiki. Kaoeni.

FundiGundi: Mwenzio ana mke, kibanio cha nyusi umefikiri ni cha nani? Soma uzi.

BawaPinde: Ndiyo maana nasema kila siku, ungeni Corsair, ndege nyingine ya kivita ya Wamarekani. Mabawa yanapanda juu kwa haidroliki, hata kipofu anajua yamekunjwa. Na lile bawa lililopinda chini lina sababu yake, propela ina kipenyo cha mita 4, bawa lingekuwa limenyooka, miguu ya ndege ingebidi iwe mirefu kupita kiasi ili propela isiguse chini.

Mzee_wa_Msasa: Corsair! Corsair iliyosumbua kutua mpaka jeshi la majini la Marekani wakawaachia Marines, askari wa majini wanaopigana nchi kavu, waitumie visiwani kwanza? Hellcat ndiyo iliyobeba kazi. Zimejengwa 12,275, kuanzia 1942 mpaka 1945. Na hatujadili Corsair hapa. Tunajadili mtu aliyenyoosha MABAWA YALIYOKUNJWA.

BawaPinde: Waingereza walizitua Corsair kwenye manowari zao bila kulia.

Pwani_Huru: Mnasifia za mbali wakati za jirani zipo. Wildcat, kaka yake Hellcat, mabawa yanakunjwa vilevile. Waingereza waliziita Martlet, na zilikuwa kwenye manowari Illustrious ilipokwenda kushambulia Diego Suarez, Mei 1942. Hapo Madagaska tu! Nimeagiza boksi lake, 1/72, ndege yenyewe inaenea kiganjani. Mzigo umekwama. Jamaa wa dirishani ameisoma karatasi akaniuliza, "Hii ndege ina kibali cha kuruka?"

Kibuyu_Kikavu: 😂😂😂 Hii sasa ndiyo mada.

Pwani_Huru: Sicheki. Kila nikienda naambiwa mwenye muhuri ametoka.

MamaMapacha: Mwenye muhuri hajawahi kuwepo tangu uhuru. Mimi nguo za harusi ya mdogo wangu ziko kwa fundi, kila nikipiga simu anasema anatia vifungo. Harusi imepita! Anatia vifungo vya nani?

Dogo_wa_Mbagala: Fundi nguo na fundi simu baba yao mmoja.

Mzee_wa_Msasa: Jamani turudi kwenye mada. Kipande cha bawaba bado kiko chini ya friji, nimelala kifudifudi na tochi sikioni!

Mpangaji_Kimya: Afadhali wewe una friji lako. Sisi Kimara tunachangia luku watu sita, mmoja ana mafriji mawili, na anachanga sawasawa na mimi mwenye taa na chaji ya simu.

MamaMapacha: Mafriji mawili ya nini mtu mmoja?

Mpangaji_Kimya: Anauza barafu za ubuyu. Umeme wangu huo!

Kibuyu_Kikavu: Mwenye nyumba anasemaje?

Mpangaji_Kimya: Mwenye nyumba ndiye mteja wake wa kwanza asubuhi.

Dogo_wa_Mbagala: Kimara ipi hiyo mkuu, na barafu anauza shilingi ngapi?